Hesabu Kwanza, Kelele Baadaye: Mwongozo wa Kampeni ya Serikali ya Wanafunzi kwa Vyuo vya Mtwara na Lindi

Vyuo vingi vya Mtwara na Lindi ni vidogo ukivilinganisha na vya Dar es Salaam au Dodoma. Wanachuo wanajuana kwa sura, wanakula kwenye mabanda yaleyale na habari ya asubuhi darasani inafika hosteli kabla ya mchana. Mgombea wa chuo kikubwa hawezi kuongea na kila mpiga kura hata akikesha. Mgombea wa Stella Maris, wa TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), wa Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Mtwara, wa chuo cha ualimu au cha afya anaweza, akijipanga mapema. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye daftari la majina na unapita haraka kwenye muziki, fulana na misafara ya bodaboda. Shamrashamra zina nafasi yake, ila hazijawahi kumsaidia mtu ambaye hajui kura zake ziko kwa nani.

Umeandikwa kwa anayegombea urais wa serikali ya wanafunzi. Anayegombea ubunge wa kitivo au u-CR (uwakilishi) wa darasa atumie hatua zilezile kwa namba ndogo. Anza maandalizi wiki nane kabla ya siku ya kura. Kampeni yenyewe kwa kawaida hupewa siku chache tu, na aliyesubiri kipenga cha tume huwa ameshachelewa.

1. Soma katiba kabla hujatangaza nia

Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au kwa tume ya uchaguzi, uombe katiba ya serikali ya wanafunzi na kanuni za uchaguzi za mwaka huu. Usitegemee nakala inayozunguka WhatsApp. Mara nyingi ni ya zamani, na kifungu kimoja kilichorekebishwa kinatosha kukutoa kwenye kinyang'anyiro.

Kwenye ukurasa mmoja andika majibu ya maswali haya: GPA (wastani wa ufaulu) ya chini ni ngapi, na je, mwenye sapu (mtihani wa marudio) anaruhusiwa? Mwaka gani wa masomo hauruhusiwi kugombea? Mgombea mwenza anatakiwa, na kuna sharti la jinsia? Wadhamini ni wangapi, na ni lazima watoke vitivo tofauti? Mshindi ni mwenye kura nyingi au ni lazima avuke nusu? Kampeni inaanza saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Kuna kikomo cha matumizi? Pingamizi linawasilishwa ndani ya saa ngapi? Jibu la swali la mshindi ndilo litakaloamua hesabu zako zote za hatua inayofuata.

Katiba nyingi za vyuo zinakataza kuingiza chama cha siasa, dini au kabila kwenye kampeni. Chukua katazo hilo kwa uzito. Rangi ya fulana, salamu ya chama au wimbo unaojulikana ni wa chama fulani vinaweza kuwa ushahidi mbele ya tume.

Kwenye fomu, watu wengi huponzwa na wadhamini. Ukitakiwa kuwa na 50, tafuta 65. Wapo watakaokuwa wamemdhamini mgombea mwingine, na kanuni nyingi hufuta saini ya aliyedhamini wawili. Wapo watakaokosea tarakimu moja ya namba ya usajili, na wapo ambao usajili wao wa muhula haujakamilika. Usiiache fomu izunguke darasani peke yake. Mshike mtu mmoja mmoja, tazama kitambulisho chake, andika namba wewe mwenyewe, yeye aweke saini tu. Rudisha fomu siku moja kabla ya mwisho, toa kopi ya kila ukurasa, na uondoke na uthibitisho wenye muhuri, tarehe na saa. Ukija kudaiwa kwamba ulichelewa, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

2. Jua unahitaji kura ngapi

Tuchukue mfano. Chuo kina wanachuo 1,200 waliosajiliwa muhula huu. Mwaka jana walipiga kura 640. Kadiria juu kidogo, tuseme 700. Ikiwa mshindi ni lazima avuke nusu, unahitaji kura 351.

Usikusanye majina 351. Katika kila watu wanne wanaokuahidi, weka akilini kwamba mmoja hatafika: kitambulisho kimepotea, ameitwa nyumbani, ameumwa, amebadili mawazo usiku wa mwisho. Gawanya 351 kwa 0.75, unapata 468. Hayo ndiyo majina ya uhakika unayotakiwa kuwa nayo kabla ya siku ya kura. Kama kanuni inampa ushindi mwenye kura nyingi na wagombea ni watatu, kura 280 zinaweza kutosha, na majina yanashuka hadi 375 hivi.

Sasa yagawe majina 468 kwa kozi na mwaka wa masomo. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ndio wengi, na hawajafungamana na mtu. Wa mwaka wa mwisho wanajua siasa za chuo kuliko wote lakini hujitokeza wachache, maana akili zao ziko kwenye tafiti na mitihani ya kumalizia. Watafute hao kwa ushauri, na kura nyingi zitafute kwa wageni. Ukigundua kwamba darasa lako na marafiki zako wote hawafiki hata watu 100, hiyo ni habari njema kuipata mapema: umejua kwamba kura zaidi ya 250 ziko kwa watu ambao hujawahi kuongea nao.

3. Daftari

Tumia daftari kubwa la kaunta au jedwali la kompyuta, lenye safu saba: jina, kozi na mwaka, anakoishi (hosteli gani, au mtaa gani), nani kwenye timu anamfahamu, alama, jambo linalomkera chuoni, tarehe aliyoongelewa mara ya mwisho. Alama ni tatu: A ni wetu, B hajaamua, C ni wa mwenzetu. Wa C wasalimie vizuri na uwaache. Muda wako ni wa B.

Ugumu uko kwenye kutoa alama A. Watu wa pwani hatupendi kumvunja mtu moyo usoni. Utaambiwa "tupo pamoja, kaka", "usijali, dada yangu", "Mungu akipenda", na mgombea mwenzako ameambiwa hivyohivyo nusu saa kabla yako. Maneno hayo yote ni B. Ili kupata A ya kweli, muulize mtu jambo linalomtaka afanye kitu: "Siku ya kura utakuwa na kipindi saa ngapi? Utapiga kabla au baada?" "Chumbani kwenu mko wanne, nani kati yao naweza kuongea naye leo, unipeleke?" Aliye wako atataja saa na atakutajia jina. Asiye wako atacheka na kubadili mazungumzo. Mtunza daftari asikubali kuandika A bila jibu la swali mojawapo.

Kila usiku saa 3, timu ikae dakika 20 kujumlisha: A ngapi, zimeongezeka wapi, darasa gani halijaguswa. A zikisimama siku tatu mfululizo, ujue mnawarudia walewale.

Daftari lina majina na namba za watu, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Likae kwa mtu mmoja, lisitumwe kwenye makundi, na liharibiwe uchaguzi ukiisha. Mwanachuo akijua kwamba umemwandika "C" na karatasi ikasambaa, utapoteza na marafiki zake.

4. Sera tatu, kila moja na mwenye mamlaka wake

Ahadi ya kupunguza ada ni ahadi hewa. Ada haipangwi na serikali ya wanafunzi, na wanachuo wanalijua hilo. Chagua mambo matatu yasiyozidi hapo, na kila moja lipitishe kwenye maswali manne: nani ana mamlaka ya kuamua, kwenye kikao gani, kikao hicho kinakaa lini, na fedha, kama zinatakiwa, zinatoka fungu gani. Sera isiyojibu yote manne iache, hata kama inashangiliwa.

Ili upate mambo hayo, ongea na watu 40 kabla hujaandika lolote: kumi kutoka kila mwaka, kama chuo kina miaka minne ya masomo, au idadi sawa kwa kila kozi. Swali ni moja tu: "Mwezi uliopita, nini kilikusumbua zaidi hapa chuoni?" Usiwatajie majibu. Jambo lililotajwa na watu chini ya sita liache.

Mfano mmoja wa Kusini unafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu unagusa nyumba nyingi. Mzazi wa Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea analipa ada kwa korosho. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani kupitia chama kikuu cha ushirika kama TANECU, MAMCU au RUNALI, kisha fedha inaingia benki. Minada huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au kupita kidogo. Kati ya kukabidhi mzigo na fedha kuingia zinaweza kupita wiki kadhaa, na mnada ukikwama zinaongezeka. Upande wa Lindi kuna ufuta pia, ambao huanza kuuzwa Mei au Juni. Chuo kwa upande wake kinafungua Oktoba au Novemba na kinataka sehemu ya ada kabla ya usajili, kisha nyingine kabla ya mitihani. Mwanachuo anazuiwa kusajiliwa wakati korosho za baba yake ziko ghalani.

Mgombea wa kawaida atasema "nitahakikisha hakuna anayezuiwa mtihani kwa sababu ya ada". Sera iliyopimwa inasema hivi: "Tutapeleka kwenye kikao cha menejimenti pendekezo kwamba mwanachuo mwenye nakala ya stakabadhi ya AMCOS ya msimu huu, iliyothibitishwa na katibu wa chama cha msingi, aruhusiwe kujisajili na kuingia mtihani kwa ahadi ya maandishi ya kulipa ndani ya siku 30 baada ya malipo ya mnada. Pendekezo litafika mezani kabla ya mwezi Septemba." Chuo hakipotezi shilingi, mhasibu anapata karatasi ya kushika, na mpiga kura anaona umefikiri. Nenda kwa mhasibu wa chuo kabla ya kampeni, umsikilize ana wasiwasi gani. Huendi kumwomba akuunge mkono. Unataka usije ukaumbuliwa kwenye mdahalo.

Jambo hilo halimgusi anayetoka Mwanza au Mbeya kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Yeye anaumizwa na fedha ya kujikimu kuchelewa na kukosa taarifa za lini asaini ili aipate. Hapo usiahidi kuharakisha Bodi ya Mikopo. Ahidi kitu kilicho mikononi mwako, kwa mfano waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi atakayebandika kila Ijumaa orodha ya waliopata fedha, waliokwama na sababu ya kukwama, na kupeleka majina ya waliokwama kwa afisa mikopo wa chuo kila wiki. Vivyo hivyo kadi za bima ya afya zinazochelewa, barua za fildi (mafunzo kwa vitendo) zinazotoka baada ya nafasi kujaa, tangi la hosteli linalokauka, maktaba inayofungwa mapema. Chukua matatu. Andika kila moja kwa sentensi mbili zinazoeleweka zikisomwa kwa sauti.

5. Timu

Watu tisa wanatosha: meneja, mtunza daftari, mhazini, wa mitandao, kiongozi wa mawakala, na waratibu wanne. Chagua waratibu kwa mahali wanapoishi na kusoma, usiangalie urafiki. Mmoja ni lazima awe dada anayeishi hosteli ya wasichana, kwa sababu kaka haingii humo na kura nyingi zinaamuliwa humo baada ya saa 2 usiku. Mmoja awe anaishi mtaani na anajua mageto, vyumba wanavyopanga wanachuo. Mmoja awe mwaka wa kwanza.

Mhazini na meneja wasiwe mtu mmoja. Kaa mbali na mpambe anayeanza kwa kuomba nauli na vocha: akilipwa na mwenzako kesho, atahamia huko na siri zenu zote.

Kama chuo chako kina watumishi waliorudi masomoni, watu wazima wenye familia, weka kwenye timu mtu wa rika lao. Mwanafunzi wa miaka 21 akimwendea mama wa miaka 45 kwa "mambo vipi", kura imekwenda. Anza na shikamoo, mwite mama au kaka mkubwa, omba dakika tatu na usizidishe. Watu hawa hawaji kwenye mikutano ya hadhara, wana haraka ya kurudi nyumbani, lakini wakiahidi hupiga kura.

6. Fedha

Kampeni nzuri ya chuo kidogo inaweza kufanyika kwa shilingi 120,000 hadi 150,000. Mfano wa mgawanyo: vipeperushi vya nusu A4 nakala 600, kurasa 300 za kutoa kopi kwa sh. 100, ni sh. 30,000, mabango 15 ya A3 ya rangi kwa sh. 2,000 ni sh. 30,000, bando la intaneti la timu 20,000, nauli za bodaboda na bajaji kwenda mitaani 25,000, maji na chakula cha mawakala siku ya kura 20,000. Jumla 125,000. Bei zinatofautiana, kwa hiyo pita stationari tatu kabla ya kulipa. Kila senti iwe na risiti au saini kwenye daftari la mhazini, na anayechangia aandikwe jina na kiasi.

Usigawe chipsi, soda, vocha wala "hela ya maji" kwa wapiga kura. Ni rushwa, inaweza kukuengua, na vyuoni kuna klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU. Zaidi ya hayo haifanyi kazi kwenye chuo kidogo: uliompa soda leo atamwambia asiyepewa, na wasiopewa ni wengi kuliko waliopewa.

7. Siku za kampeni

Tuseme umepewa siku saba. Siku mbili za kwanza ni za madarasa, dakika mbili kila darasa, kwa ruhusa ya CR na mwalimu wa kipindi. Fika kabla ya mwalimu. Ukimkatisha, darasa zima linakuona msumbufu. Siku ya tatu na ya nne ni za hosteli na mitaani. Kwa Mtwara panga njia kwa mtaa: Chikongola na Magomeni jioni moja, Ligula na Shangani jioni nyingine, au Chuno na Mangamba, kutegemea wanachuo wenu wamepanga wapi. Kwa Lindi fanya hivyohivyo kwa Mtanda, Rahaleo, Mitwero. Mpigie mwenyeji mmoja awakusanye watano au sita kwenye geto moja. Ukipiga hodi nyumba moja moja utamaliza jioni kwa watu saba. Siku ya tano ni mkutano wa hadhara au mdahalo. Ya sita ni ya kuwarudia B wote. Ya saba, kama kampeni bado iko wazi, ni ya kuthibitisha A na vitambulisho vyao.

Kati ya vipindi, kaa kwenye vimbweta, meza na viti vya nje vya kusomea. Usihutubie hapo. Watu wako kwenye diskasheni, kwa hiyo salimia, uliza wanajadili nini, acha kipeperushi, ondoka.

Angalia saa. Mwezi Mei jua la Mtwara linazama kama saa 12 jioni, na mkutano uliopangwa saa 11 utaishia gizani, watu wakiwahi magharibi na chakula. Panga saa 10 kamili. Ijumaa usiweke kitu kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana, Jumapili usiweke kitu kabla ya saa 6. Aprili mvua bado zipo, basi omba ukumbi wa akiba mapema. Mabango ya nje yawekwe kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi na kufungwa kwa kamba pembe zote nne. Upepo wa baharini unang'oa ya gundi ndani ya siku moja, na gundi kwenye ukuta uliopakwa rangi inakuletea faini.

Wanachuo wa afya wapangie peke yao. Wengine wako zamu Hospitali ya Ligula au ya Sokoine, usiku na mchana. Pata ratiba ya zamu kwa CR wao na uwafuate wanapotoka. Kwa vyuo vya ualimu hakikisha tarehe ya uchaguzi haigongani na BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Ikigongana, andikia tume mapema kuuliza walio nje ya chuo watapigaje kura.

8. Hotuba na mdahalo

Dakika tano. Sekunde 30 jina, kozi na nafasi unayogombea. Dakika tatu za sera, dakika moja kila sera: tatizo, hatua, mwenye mamlaka, tarehe. Dakika moja jibu lawama kubwa uliyosikia juu yako, bila kumtaja aliyeisema. Sekunde 30 za mwisho waambie siku, saa na kituo cha kupigia kura, na waje na kitambulisho. Wagombea wengi husahau hilo la mwisho.

Fanya mazoezi na saa mkononi mara tano, mara mbili bila kipaza sauti, kwa kuwa umeme ukikatika atakayeendelea kuongea kwa sauti tulivu ndiye atakayesikilizwa. Kama mdahalo wa chuo chenu ni kwa Kiingereza, andika sera zako kwa lugha hiyo kwa sentensi fupi na uzizoee. Ukiulizwa usilolijua, sema utajibu kesho kwenye kundi la darasa hilo, kisha jibu kweli kesho yake. Usimponde mwenzako. Katika chuo cha watu 1,200, binamu yake, mchumba wake na anayelala naye chumba kimoja wote wamo ukumbini.

9. WhatsApp

Andaa picha moja yenye jina, nafasi na sera tatu, na ujumbe wa sauti usiozidi sekunde 45. Tuma kila kundi mara mbili tu kwa kampeni nzima: siku ya kwanza na siku ya mwisho kabla ya kufungwa. Atume mwenyeji wa kundi hilo, usiingizwe wewe mgeni. Katikati ya hapo, kazi ya mtu wa mitandao ni kujibu maswali kwa jina la mgombea, kwa adabu, ndani ya saa moja.

Uvumi ukitokea, usiusambaze ukiwa unaukanusha. Mjibu aliyeuandika palepale alipouandika, kwa sentensi moja na ushahidi mmoja, kisha piga simu kwa CR wa kila darasa. Wakataze vijana wako kutengeneza picha au sauti za kumchafua mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu wanachuo kama inavyomhusu mtu yeyote.

10. Siku ya kura

Kura nyingi hupotea kabla ya kituo kufunguliwa. Wiki mbili kabla, waratibu wapitie A wote kwa maswali mawili: usajili wako wa muhula umekamilika? Kitambulisho hakijaisha muda? Orodha ya wapiga kura ikibandikwa, kila mratibu atafute majina ya watu wake na kuwasilisha marekebisho kwa maandishi ndani ya muda. Kama kura inapigwa kwenye mfumo wa chuo kwa simu au kompyuta, uliza kila mtu kama anakumbuka nywila. Wasiokumbuka wapelekeni kitengo cha TEHAMA siku mbili kabla, maana siku yenyewe foleni itakuwa ndefu na mtandao mzito.

Kila kituo kiwe na mawakala wawili wanaopokezana, wenye barua za utambulisho zilizopokelewa na tume siku iliyotangulia. Wakala afanye haya kwa mpangilio: aone sanduku likiwa tupu na likifungwa, aandike idadi ya karatasi zilizoletwa, ahesabu wanaoingia, na upigaji kura ukifungwa ahakikishe karatasi zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zikijumlishwa zinarudi kwenye idadi ya mwanzo. Kura yenye alama mbili na yenye alama nje ya kisanduku zijadiliwe hapohapo, zisisubiri matokeo. Asisaini fomu yenye nafasi tupu. Akisaini, apate nakala au apige picha kama kanuni inaruhusu.

Waratibu wabaki nje ya eneo lililokatazwa, na orodha za A mkononi. Saa 5 asubuhi, ambaye hajapiga apigiwe simu. Saa 8 mchana afuatwe alipo. Saa 9 na nusu mratibu amsindikize hadi jirani na kituo. Usivae fulana ya kampeni siku hiyo wala usisimame mlangoni kusalimia watu.

11. Baada ya matokeo

Ukiona kasoro, kanuni inakupa saa chache. Andika pingamizi la ukurasa mmoja: kifungu kilichovunjwa, kituo, saa, shahidi, kiambatisho. Malalamiko ya jumla hayana pa kupokelewa. Kabla hujaandika, linganisha namba: kama kura zenye kasoro ni 12 na umeachwa kwa 90, muda wako utumie kumpelekea mshindi sera zako. Wanachuo walizipigia kura, zinastahili kuendelea.

Ukishinda, ondoa mabango yote ndani ya siku mbili, kisha dai makabidhiano ya maandishi kabla ya kuapishwa: taarifa ya akaunti ya benki, orodha ya madeni, mihuri, funguo, vifaa kwa idadi na hali yake, na kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima. Palipo na pengo, liandikwe na pande zote mbili zisaini mbele ya Mshauri wa Wanafunzi. Badilisha watia saini wa benki wiki hiyohiyo. Halafu chukua ile sera yako ya kwanza, uliza kikao cha menejimenti kijacho kinakaa lini, na ajenda zinapokelewa hadi tarehe ngapi.